Ubeti Niliouruka

Nyie vijana mnaokorogewa haluwa na mashine mnanicheka, msidhani sioni. Kila nikija hapa dukani Wadi Kabir kutoka nyumbani Hail, nikasimama mbele ya hiyo sufuria yenu inayojizungusha, midomo yangu huanza kucheza yenyewe, nanyi mnakonyezana: mzee anavuta uradi. Mmoja wenu juzi kanifuata ati nimsomee na yeye, mtihani wa leseni ya gari umemshinda. Mwanangu, ningekusomea hichi ninachokisoma ungegonga mtende siku hiyohiyo. Si uradi. Ni hadithi ya kijana mmoja mpumbavu aliyependa jini.

Kaeni basi. Mashine inakoroga, mikono yenu mitupu. Nitakuelezeni kwa nini mzee mwenye akili zake, au aliyebakiwa nazo kidogo, hawezi kuona haluwa ikichemka asimtaje mwanamke aliyetoka kisimani.

Utenzi wenyewe ni wa bibi yangu mzaa mama, kule Unguja. Yeye kazi yake ilikuwa kusuka mikeka, na alipima kazi kwa beti: jini akitoka kisimani, ukili umefika mahali fulani, kijana akilia, umefika mahali fulani. Akiuita utenzi wa Mwanamaji. Kijana jina lake Ghalibu, mfanyabiashara, ana mali, ana sura, ila swala zake za mbiombio. Unaanza kama tenzi zote zinavyoanza, kwa adabu:

Kwa jina lake Jalali
Mwenye enzi na fadhili
naeleza yangu hali
nyote mpate sikia

Kisha Ghalibu anakwenda kutawadha, na hapo ndipo mambo yanapoharibika:

Kisimani akatoka
nyweleni yanadondoka
maji yasiyokauka
na kivuli hana pia

Mtu mwenye akili akiona mwanamke hana kivuli anaacha ndoo na viatu vyake hapohapo. Ghalibu akapenda. Utenzi wote uliobaki ni vuta nikuvute: yeye anataka kumwoa, ndugu zake wanataka kumfukuza kwa visomo, na jini mwenyewe, maskini, anachotaka ni kujifunza kusali. Kila Ijumaa hufika mlangoni pa msikiti, miguu ikakataa kwenda mbele. Bibi akifika hapo alikuwa akilia, na mie nikilia kwa sababu yeye analia. Sikuelewa kitu. Nilichokichukua mimi kwenye utenzi ule ni khofu tu.

Na bibi alinisaidia kuogopa. Alikuwa na masharti yake. Jini akitajwa, usiyape maji mgongo. Na kuna ubeti mmoja, maneno ya jini mwenyewe anajisemea, huo usiusome kabisa mbele ya mtu mwenye pepo, kwani pepo atadhani kaitwa. Masharti haya nimeyashika kuliko nilivyoshika hesabu, na hesabu nilichapwa kwa ajili yake.

Sasa haluwa. Nilifika Maskati baada ya mambo ya Unguja ya sitini na nne, nna shati moja na Kiarabu cha chuoni, cha kusomea msahafu. Mtu wa kwanza kunipa kazi alikuwa Hilali, mpika haluwa wa soko la Matrah, mwembamba, nyusi nzito, maneno machache. Akaniweka mlangoni nipokee wateja. Nami, kijana wa kwetu niliyelelewa vizuri, kila anayesimama mbele ya duka nikimchangamkia: Karibu! Karibu! Watu wakinitazama, wakitikisa kichwa, wakienda zao. Siku nenda siku rudi. Hilali akaona biashara imelala, akamkimbilia mteja mmoja njiani kumuuliza kwa nini haingii. Yule bwana akamwambia, "Kila nikipita mtu wako ananambia karibu, karibu. Haluwa yenu lini itaiva?"

Nyie mmezaliwa hapa, mshafahamu. Karibu ya Kiarabu ni hivi punde. Wiki nzima nilikuwa nikiwafukuza wateja kwa ukarimu. Hilali hakunifukuza; alinishika bega akanipeleka nyuma, akanipa mwiko mrefu kuliko mie. "Wewe kaa na sufuria," akasema. "Sufuria haina masikio."

Ndipo nilipojifunza kazi. Sikilizeni, haya hamfundishwi na mashine. Wanga unaurowesha kwenye maji baridi kwanza, ukiutia kwenye sukari inayochemka unapata mawe. Kuni ziwe za mti wa msamuri, hazina moshi wa kuudhi. Mwiko usikokote pembeni, ukwangue chini, maana haluwa inaungulia pale usipopaona. Samli unaitia kidogo kidogo, zafarani na marashi mwisho, iliki usiitie kama unamwekea maiti. Na mwiko usisimame. Hilali alikuwa akisema mtu akifiwa na baba yake haluwa ikiwa motoni, alie huku anakoroga.

Tabu ilikuwa kujua wakati. Saa hatuna. Nikajaribu kukisia kwa jua, lakini nyuma ya duka jua halifiki. Siku moja mdomo ukaanza wenyewe, Kwa jina lake Jalali, na mkono ukafuata. Nikagundua kuwa bibi hakunifundisha utenzi, alinifundisha saa. Jini akitoka kisimani, tia samli. Ndugu zake wakileta chetezo, tia tena. Ghalibu akilia, tia zafarani. Wakifunga ndoa, epua. Haluwa ikaanza kutoka moja, laini, haishiki kidole. Ila siku moja nilialikwa pilau, nikawa na haraka, nikamwoza Ghalibu kabla hajaposa. Mteja alirudisha bakuli lake, akaliinamisha mbele ya Hilali ikamwagika kama uji. Hilali akanitazama. "Leo umesoma kidogo," akasema.

Neno lile, umesoma, lilipaswa kunishtua. Hilali hajui Kiswahili, na jirani zetu wote pale sokoni hawajui. Wanachosikia ni mtu nyuma ya moshi anaanza na Jalali, na wao wanaitikia jalla jalaluhu. Wanasikia roho, dunia, akhera, dua, jini, mahaba. Sauti yangu nayo ilikuwa nzuri, msinikatalie, hamkuwepo. Wakaamini naisomea haluwa. Ikaenea kuwa haluwa ya Hilali ina baraka, imekorogwa na mutawa, mtu wa dini, kutoka Zinjibari. Wakaja wenye harusi, wakaja wenye mitihani ya kila namna. Mwanamke mmoja alitaka ya mbuzi wake asiyeshika mimba. Sikukanusha. Nikafuga ndevu, zikaota mbili kulia na kundi dogo kushoto, nikawa nazishika nikiulizwa jambo.

Basi nikiwa katika utukufu huo, akaja Hamdani.

Huyu alikuwa mwenye duka la vitambaa, mtu mzima, mwenye heshima zake, wa baba mmoja na mama mmoja na soko lile. Akakaa juu ya gunia la sukari, akasema taratibu ili nimfahamu.

"Nna dada yangu, Zuwena. Baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye kakulia Zinjibari kwa mama yake, na mama yake kafa huko. Alipofika kwangu alikuwa akisema kidogo. Kisha ghafla kafunga kinywa. Miezi sasa. Anakula kama kuku mgonjwa, ukimwita anakutazama tu. Watu wa nyumbani wanasema ni jini kapanda naye chomboni."

Akajiweka sawa juu ya gunia. "Alkhamisi nampeleka kwa mtaalamu, milimani huko. Anatia chuma motoni, anakiweka hapa." Akajigusa kisogoni. "Mama yangu alifanyiwa hivyo nilipokuwa mdogo. Nilimshika miguu. Sitaki kuisikia tena sauti ile, lakini nifanye nini, nimwache afe njaa? Maalimu, njoo upike haluwa uani kwangu, umsomee ule uradi wako, ausikie, aile ingali moto. Akisema japo neno moja, siendi milimani."

Hapo ndipo pa kusema bwana, samahani, si uradi. Neno lilifika mpaka hapa kooni. Lakini yule mtu macho yake yalikuwa mekundu, na zaidi ya hayo, niseme ukweli, kaniita maalimu. Sijapata kuitwa maalimu na mtu mwenye duka. Nikashika ndevu zangu nikasema inshallah.

Kuanzia hapo mpaka siku ya kupika nilikuwa nikiwaza kisogo cha mtu nisiyemjua, na chuma. Nikawaza pia kwamba kama jini lipo kweli, basi mimi ndiye mpumbavu ninayekwenda kuliimbia habari za jini mwenzake. Nilimwambia Hilali naumwa tumbo. Akasema, "Usome uradi, litapoa."

Tukaenda asubuhi, sufuria juu ya punda. Uani palikuwa na kisima, na kando yake mlango wa chumba umetundikwa pazia la maua. "Yuko hapo nyuma," akasema Hamdani, akakaa na tasbihi yake. Hilali akawasha kuni. Mimi kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba wameiweka sufuria mahali ambapo nikikoroga, kisima kiko nyuma yangu. Usiyape maji mgongo. Nikazunguka. Nikawa nakoroga ubavu ubavu, jicho moja kwenye haluwa, jicho moja kisimani, natembea kama kaa. Hamdani alidhani ni sehemu ya ibada. Baadaye alinisifu.

Nikaanza. Kwa jina lake Jalali. Nyuma ya pazia kimya. Wanga ukaanza kushikana, sukari ikaingia rangi. Nikafika pale: Kisimani akatoka, nyweleni yanadondoka. Hapo nikasikia mkeka umelia, kama mtu aliyekuwa kalala kainuka akakaa. Nikajisemea, tayari, limesikia khabari za kwao. Nikatia samli nyingi kuliko inavyotakiwa.

Na mbele yangu ulikuwa unakuja ule ubeti. Ule wa bibi. Maneno ya jini mwenyewe. Kila ubeti ninaomaliza, huo unasogea. Nikaona siwezi. Ndugu wa Ghalibu walipoleta chetezo, nikavuta pumzi, nikaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye kilio cha Ghalibu, na sauti nikaipandisha ili isijulikane.

"Umeruka," pazia likasema.

Mwiko ukasimama. Miaka yote niliyokoroga haluwa, mwiko wangu ulikuwa haujapata kusimama.

"Hapo pana ubeti, umeuruka." Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Unguja kabisa, imekwaruza kidogo kwa kutotumika. "Mamangu alikuwa akiusoma. Unakwenda hivi." Na akausoma, polepole, bila ya kutetemeka:

Usinisomee dua
nisije nikaungua
wataka kunitambua
niulize nakwambia

Tasbihi ya Hamdani ilianguka. Hilali alikwisha kuwa upande wa pili wa punda. "Kasema!" Hamdani akanishika mkono. "Kasema nini? Ni yeye au ni hilo jini?"

Mutawa wa Matrah, mwenye ndevu zake, nikajibu kitu pekee nilichokuwa na yakini nacho. "Anasema nimekosea."

Nikataka kuendelea kukoroga, nikashindwa. Ubeti ule nimeulala, nimeuamka tangu utoto, na siku zote nimeuchukulia kuwa ni hila ya jini. Sasa kausoma mtu mwenye sauti ya kina dada zangu, na nikasikia maneno yake kwa mara ya mwanzo. Mwenzenu anasema msimchome, mumuulize. Basi. Hakuna siri nyengine. Wala si kwamba nilipata ujasiri, ni kwamba sikuwa na jengine la kusema.

"Bibi," nikamwambia pazia, "wataka nini?"

Mkeka ukalia tena, akasogea karibu na pazia. Kisha akasema, "Nnataka wasinicheke."

"Nani kakucheka?"

"Nyumba nzima." Na akanieleza, na alivyokuwa akieleza sauti yake ikawa inafunguka. "Nilikuwa mgeni bado. Nimeosha nywele hapo kisimani, kichwa wazi, maji yanadondoka. Mara nasikia wanaume mlangoni, wageni wa kaka, wanakuja moja kwa moja. Nikawapigia kelele, Tafadhali! Tafadhali! Wakaingia wote."

Mnacheka? Subirini. Kwetu tafadhali ni ya kuomba. Mtu akikuzidi unamwambia tafadhali, yaani basi, niache. Hapa mtu akikwambia tafadhali mlangoni kakufungulia mlango, anakuita ndani. Yule bibi alikuwa akiwaomba wasiingie, na wao walisikia wanaalikwa, tena kwa bidii. Wakaingia wakakuta mwanamke kisimani, nywele zinachuruzika, anawapigia kelele waingie huku anakimbia.

"Mmoja katoka akasema nna jini," akaendelea. "Kaka akanigombeza mbele ya watu, ati nimewaita wanaume. Wanawake wakanibandika jina. Nikipita, Tafadhali huyo. Nikiomba maji, Tafadhali ana kiu. Nikaona kinywa hichi kitaniletea balaa jengine, nikakifunga."

Nikageuka kumweleza Hamdani, na Kiarabu changu kikanikimbia chote. Nikasema mlango, nikasema nywele, nikasema tafadhali si tafadhali. Hamdani akinitazama kama mtu anayemtazama mtabibu aliyeingiwa na ugonjwa wa mgonjwa. Aliyeniokoa ni Hilali. Alitoka nyuma ya punda, nyusi zimepanda.

"Ngoja," akasema. "Hii ni kama karibu yako?"

"Ni nduguye khasa," nikasema.

Basi yeye akamweleza Hamdani kwa Kiarabu chake kizuri, akaanzia na wateja wake mwenyewe nilivyowafukuza, akamalizia na wageni mlangoni. Nikamwona Hamdani anavyobadilika uso. Siku ile ya wageni alikuwepo. Anaikumbuka sauti ya dada yake, anayakumbuka na maneno aliyomwambia.

"Alikuwa akisema msiingie," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Akakaa juu ya kuni, mtu mzima na kanzu yake nyeupe. "Mimi nimemgombeza," akasema, "na keshokutwa nilikuwa nikamchome." Akalia, hakujificha. Mie nami nililia, na sikulia kwa kuwa mwengine analia, nililia kwa sababu nimefahamu. Miezi yote ile mwanamke yule kakaa nyuma ya pazia, na mimi niko sokoni, mwendo mfupi tu, nimejaa Kiswahili mdomoni, nakimwaga juu ya haluwa.

Hamdani akafuta uso. "Kwenu," akaniuliza, "mtu anaitwaje ndani?"

Hilali akawahi kunijibia. Neno lile lilikwisha kumtia hasara, hakuwa wa kulisahau. "Karibu," akasema.

Hamdani akainuka, akaenda mpaka kwenye pazia, akasimama kama mtu anayebisha nyumba ya wenyewe, naye ndiye mwenye nyumba. "Karibu," akasema. Alilitamka kwa kooni, kama wanavyotamka wao, lakini alilikusudia letu. "Karibu, ukhti."

Vidole vikashika pindo la pazia. Kisha likasogea.

"Nishakaribia," akasema Zuwena, akatoka, kajitanda kanga yake mpaka kwenye paji. Mimi kwa adabu nikainamisha macho kwenye sufuria. Ndipo nilipoona. Na yeye kaona vilevile.

"Haluwa yako inaungua," akanambia.

Iliungua, tena vibaya. Chini nyeusi, juu mbichi, samli inaelea. Katika maisha yangu ya kazi sijapika mbaya kuliko ile. Tuliila sote pale uani, Hamdani akimkatia dada yake mahali palipopona kwa vidole vyake mwenyewe, na Zuwena alikula mpaka nikaona haya kwa ajili ya upishi wangu. Alkhamisi ikaja, ikapita. Kisogo kile hakikuguswa.

Njiani tukirudi, Hilali akivuta punda aliniuliza, "Kwa hiyo siku zote hizi juu ya haluwa yangu ulikuwa ukiimba nini?" Nikamweleza, Ghalibu, kisima, ndoa na kila kitu. Akafikiri mpaka tukafika dukani. "Wateja usiwaambie," akasema. Ndevu nilizinyoa hata hivyo.

Ya kuongeza ni machache. Nilimposa Zuwena, msidhani sikujaribu. Nilipeleka watu wazima, na haluwa, safari hii imeiva. Jibu lililetwa na Hamdani mwenyewe, akijizuia kucheka: dada yake anasema hawezi kuolewa na mtu anayeruka beti. Nikamwoa bibi yenu, ambaye hajui utenzi hata mmoja, alhamdulillahi. Zuwena alijifunza Kiarabu mpaka akanipita mbali, na zilipofunguliwa skuli za wasichana, mwaka wa sabini na baada yake, akaenda kuwasomesha wadogo. Nimesikia katika darasa lake mtoto akikosea neno, marufuku kumcheka.

Na bado yupo. Si kila Idi hapa anashuka kwenye gari ya mjukuu wake bibi mmoja na fimbo, na nyie mnashangaa mimi nainuka kwenye kiti changu, mimi nisiyeinuka kwa mtu? Ndiye huyo. Husimama mlangoni hapo, haingii, akanitazama kwa ujeuri wake uleule, akasema, "Tafadhali." Nami namjibu kwa sauti kubwa, "Karibu! Karibu!"

Na wateja walio nyuma yake hutazama saa zao, wakaenda zao, wakidhani haluwa bado.